Si Kila Kivuli Kifuani ni Kifua Kikuu

Mama yangu mdogo ametibiwa kifua kikuu mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa nacho kweli. Mara mbili zilizofuata hakuwa nacho. Alimeza vidonge miezi 12 kwa ugonjwa ambao haukuwamo mwilini mwake, na ule aliokuwa nao ukazidi kumbana pumzi. Siwezi kusema alipuuzwa. Kila aliyempokea alimwona mama wa makamo, amekonda, anakohoa, aliwahi kuugua TB, na picha ya kifua ina kivuli juu upande wa kulia. Kwetu kanda ya ziwa, mambo hayo yakikutana kwa mtu mmoja, hakuna anayeuliza mara ya pili.

Tangu usichana kazi yake ilikuwa kubanika samaki mwaloni, pale wavuvi wanapotia nanga. Miaka 30 na zaidi ameinamia moshi wa kuni, macho yanatoka machozi, khanga imefunikwa puani. Hilo halikuandikwa kwenye kadi yake hata moja.

Nimeamua kueleza kwa kirefu namna ugonjwa wa kifua unavyotafutwa na kutibiwa, kwa sababu naona watu wengi wenye kikohozi kilichopewa jina kabla hakijachunguzwa. Mmoja anaambiwa ni aleji, mwingine nimonia, mwingine baridi, na mara nyingi aliyetoa jina ni muuza dawa aliyesikia maelezo ya nusu dakika dirishani.

Tuanze na kifua chenyewe. Hewa ikishapita puani na kooni hushuka kwenye bomba kuu, bomba hilo hugawanyika matawi mawili, na kila tawi huendelea kugawanyika kama mwembe uliogeuzwa juu chini, takriban mara 23, hadi kufikia vifuko vidogo mno ambavyo idadi yake ni mamia ya milioni. Vifuko hivyo vikitandazwa vyote hufika kama mita za mraba 70, sakafu ya nyumba nzima ya familia. Humo ndimo oksijeni inamoingia kwenye damu. Kwa hiyo mapafu yana sehemu mbili za kuharibika: njia na vifuko. Njia zikibana, hewa hutoka kwa shida, na kifua hupiga mluzi. Hiyo ndiyo pumu na jamaa zake. Vifuko vikijaa usaha au majimaji, oksijeni haipiti, mtu huhema haraka na mara nyingi ana homa. Hiyo ni nimonia. Kifua kikuu hula sehemu yoyote kinayoikuta.

Kuna na sehemu ya tatu, ngozi mbili nyembamba zinazofunika mapafu. Watu husema "ana maji kwenye mapafu", lakini mara nyingi maji hayo yako nje ya pafu, katikati ya ngozi hizo, yanalibana pafu lisitanuke. Huvutwa kwa sindano ubavuni na kupimwa, kwa kuwa yanaweza kuletwa na TB, saratani, usaha au moyo uliochoka, na kila kimoja kina tiba yake.

Maswali kabla ya vipimo

Mganga makini huanza na muda. Kikohozi cha mafua huanza na makamasi na koo kuwasha, na hata homa ikishapoa chenyewe kinaweza kubaki wiki tatu bila ubaya wowote, njia za hewa zikijitengeneza upya. Antibiotiki hapo haina kazi, maana mafua huletwa na virusi. Lakini katika nchi zetu kikohozi kikifika wiki mbili, makohozi yapimwe TB. Wengi watakaopimwa watakutwa salama, na huo si usumbufu wa bure. Penye TB nyingi kusubiri kunamgharimu mgonjwa na wote wanaolala naye chumba kimoja. Mwenye virusi vya Ukimwi hasubiri hata hizo wiki mbili. Kikohozi chochote, siku yoyote, kinamtosha kupimwa.

Baada ya muda zinaulizwa saa. Kikohozi kinachomwamsha mtu saa tisa usiku, kifua kinapiga filimbi, kisha mchana yuko mzima kabisa, kinanukia pumu. Kinachokuja mtu akilala chali, huku miguu inavimba jioni, kinataka moyo uangaliwe. Kinachofuatana na kiungulia baada ya kula huenda kinatoka tumboni. Halafu kipo kile kikavu, cha kuwashawasha, kilichoanza wiki au miezi kadhaa baada ya mtu kuanzishiwa kaptoprili au enalaprili kwa ajili ya presha. Mzee jirani yetu alimaliza chupa tatu za dawa ya kikohozi kabla mtu hajamuuliza anatumia vidonge gani. Daktari alimbadilishia dawa ya presha, na kikohozi kikaisha chenyewe ndani ya mwezi. Ukiwa na kikohozi cha namna hiyo usiache dawa ya presha kwa uamuzi wako. Rudi kwa aliyekuandikia.

Swali la tatu, ambalo kwa mama mdogo halikuulizwa, ni unafanya kazi gani na unapika na nini. Wachimbaji wa tanzanite kule Mirerani huvuta vumbi la mwamba lenye silika. Chembe zake huchoma mapafu makovu yasiyofutika, na mapafu yenye makovu hayo hushikwa na TB kwa urahisi zaidi. Kuna vumbi la pamba, la saruji, la mabanda ya kuku. Na kuna moshi wa jikoni, ambao hatuuhesabu kama hatari kwa sababu tumezaliwa tukiuona. Mwanamke ambaye hajawahi kugusa sigara anaweza kuwa na mapafu ya mvutaji.

Uzito uliopungua, jasho la usiku linalolowesha shuka na damu kwenye makohozi huulizwa pia. Mganga akisikia lolote kati ya hayo, hasa damu, haruhusiwi kukurudisha nyumbani na chupa ya sirapu.

Kisha huja kuhesabu na kusikiliza. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kifaa kidogo cha kubana kidoleni huonyesha oksijeni iliyomo kwenye damu, na kikisoma chini ya 90 mgonjwa anahitaji oksijeni, maelezo mengine yatafuata baadaye. Kusikiliza kwa chombo kumeanza mwaka 1816, pale daktari Mfaransa René Laennec alipokunja karatasi kuwa bomba ili amsikilize mgonjwa bila kuweka sikio kifuani pake. Yeye mwenyewe akafa kwa TB mwaka 1826. Mluzi wakati wa kutoa pumzi ni njia iliyobana. Sauti ya kupasukapasuka kama chumvi ikikaangwa ni vifuko vyenye majimaji. Kimya upande mmoja ni maji, au hewa iliyotoka nje ya pafu.

Mtoto ana sheria zake

Mtoto mdogo anayekohoa hasubiri wiki mbili wala siku mbili. Nimonia humaliza mtoto kwa saa, na kipimo chake cha kwanza hakihitaji umeme. Mwache atulie, asiwe analia wala ananyonya, inua nguo uone tumbo na kifua, kisha hesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 60 na kuendelea ni haraka. Kuanzia miezi 2 hadi 11 ni 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi kutimiza mitano ni 40. Tazama pia sehemu ya chini ya kifua: anapovuta pumzi, ikiingia ndani badala ya kutoka, mpeleke kituoni sasa hivi. Asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyelegea au kupata degedege, huyo anakwenda hospitali usiku huohuo.

Dawa ya kwanza ya nimonia ya mtoto ni amoksilini, ile ya vidonge vinavyoyeyushwa majini. Ni dawa rahisi na ya bei nafuu, na inaponya. Kinachoua ni kuchelewa, na kukosa oksijeni pale inapohitajika. Kwa upande wa kinga, chanjo ya nimonia iliingia kwenye ratiba ya watoto Kenya mwaka 2011 na Tanzania ikafuata muda mfupi baadaye. Kadi ya kliniki itakuonyesha kama mwanao amemaliza zote.

Watoto wadogo hawajui kutema makohozi, wanayameza. Ndiyo maana TB yao hukosekana sana kwenye vipimo. Siku hizi maabara zinaweza kuitafuta kwenye choo cha mtoto, na daktari huangalia pia nani nyumbani anaumwa. Mtoto wa chini ya miaka mitano anayeishi na mgonjwa wa TB anapaswa kuchunguzwa, na akikutwa hana ugonjwa, apewe dawa za kinga.

Kikombe cha makohozi

Kipimo kikubwa kuliko vyote katika kifua kikuu kinategemea kitu ambacho wagonjwa wengi wanaona aibu kukitoa. Unapewa kikombe cha plastiki chenye mfuniko, unaambiwa "nenda kateme humo". Wengi hutema mate, na mate hayana jibu. Nimesimama na mama mdogo nyuma ya zahanati nikaona tofauti kwa macho. Mara ya kwanza alirudisha kitu cheupe chenye povu, mtu wa maabara akamrudishia kikombe kingine na kumwelekeza taratibu: sukutua kinywa kwa maji matupu, simama kwenye hewa ya wazi mbali na watu, vuta pumzi ndefu uishikilie kidogo, achia, vuta tena, mara ya tatu kohoa kutoka chini kabisa, kama mtu anayetaka kutapika kifua. Kilichotoka kilikuwa kizito, cha manjano, kinavutika. Kijiko kimoja cha chai kinatosha. Ya asubuhi ukiamka ndiyo bora, kwa kuwa usiku kucha yamekusanyika.

Robert Koch alitangaza Machi 24, 1882 kwamba amemwona kijidudu anayeleta ugonjwa huu, na kwa zaidi ya miaka 100 tuliendelea kumtafuta kama yeye, kwa darubini. Darubini ni nzuri lakini inataka vijidudu wengi. Lazima wawe 5,000 hadi 10,000 katika kila mililita ya makohozi ndipo jicho liwapate. Mwenye vijidudu wachache, kama ilivyo kwa watu wengi wenye VVU, huambiwa hana kitu. Mwishoni mwa mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo cha GeneXpert, kinachotafuta vinasaba vya kijidudu. Kinatoa jibu chini ya saa mbili, kinaona vijidudu wachache zaidi, na papo hapo kinasema kama wamekuwa sugu kwa rifampisini, dawa iliyo uti wa mgongo wa matibabu. Ukiambiwa makohozi yako yamepimwa, una haki ya kuuliza yamepimwa kwa kipimo gani.

Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wapo panya buku waliofundishwa kunusa makohozi yenye TB. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, na pale anapokwangua, sampuli hiyo hurudiwa maabara kuhakikisha. Wagonjwa wengi walioambiwa hawana ugonjwa kwa darubini wamepatikana kwa njia hiyo. Kila nikiwaza kuhusu panya hao naona jinsi tunavyotakiwa kutafuta kwa kila njia kabla ya kumwambia mtu hana, au anacho.

Picha inaonyesha kivuli, haitaji jina

Tangu Wilhelm Röntgen alipogundua miale yake mwaka 1895, picha ya kifua imekuwa msaada usio na kifani. Inaonyesha mahali, ukubwa na umbo. TB ya mtu mzima hupenda sehemu za juu za mapafu, na mara nyingi huacha tundu. Nimonia hujaza eneo moja likawa jeupe. Maji hukaa chini kama maji ndani ya glasi. Lakini kivuli ni kivuli. Saratani hutoa kivuli. Kovu la TB iliyopona miaka 15 iliyopita hutoa kivuli, tena mahali palepale panapopendwa na TB mpya. Na kinyume chake, mwenye VVU anaweza kuwa na TB huku picha yake iko safi.

Hapo ndipo mama mdogo alipopotelea. Alipona mwaka ule wa kwanza, kovu likabaki. Alipoanza kukohoa tena, makohozi hayakuonyesha kijidudu, picha ikaonyesha kivuli, akaanzishiwa dawa. Baada ya miaka kadhaa hali ikajirudia. Sheria inamruhusu daktari kuanzisha dawa bila kijidudu kuonekana pale dalili zinapombana, na ruhusa hiyo imeokoa maisha mengi. Lakini kwa mtu aliyewahi kuugua, ruhusa hiyo inataka uangalifu wa ziada. Kwanza itafutwe picha ya zamani, iwekwe pembeni ya mpya. Kivuli kisichobadilika kwa miaka ni kovu. Hata GeneXpert kwa mtu aliyetibiwa karibuni inaweza kuokota vinasaba vya vijidudu waliokwisha kufa, hivyo makohozi hupelekwa kuoteshwa maabara, ambako aliye hai pekee ndiye huota. Huchukua wiki kadhaa, lakini ndicho kipimo cha kuamua.

Kivuli kinachokua licha ya dozi kumalizika, hasa kwa mvutaji wa sigara, kimpeleke mtu kwa daktari bingwa, ambaye ataingiza kamera nyembamba kwenye njia za hewa na kuchukua kipande cha nyama kipimwe. Wapo waliotibiwa TB hadi saratani ikawa haishikiki.

Miezi sita ilitoka wapi

Wagonjwa hulalamika kwamba dozi ya TB ni ndefu, na wana haki. Miezi miwili ya dawa nne, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamaidi na ethambutoli, kisha miezi minne ya rifampisini na isoniazidi. Watu wachache wanajua kwamba ufupi huo ulithibitishwa kwa wagonjwa wa hapa kwetu. Zamani matibabu yalichukua mwaka mmoja na nusu. Mwaka 1972 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa na watafiti wa Afrika Mashariki pamoja na Waingereza kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia: ukiongeza rifampisini au pirazinamaidi, miezi sita inatosha na ugonjwa haurudi ovyo. Dunia nzima imejengea juu ya hapo. Tena mpango wa Tanzania wa kupambana na TB, ulioanza 1977 kwa msaada wa daktari Karel Styblo, ndio ulioonyesha nchi yenye kipato kidogo inavyoweza kuwahudumia wagonjwa kwa mpangilio na kuwafuatilia mpaka wapone, na Shirika la Afya Duniani likauchukua kuwa mfano.

Kwa nini miezi sita wakati nafuu huja ndani ya mwezi? Vijidudu wanaokua haraka hufa wiki za mwanzo. Homa inakwisha, hamu ya kula inarudi, na mgonjwa wa TB ya kawaida kwa kawaida haambukizi tena baada ya wiki mbili hivi za dawa. Waliobaki ni wale waliolala. Hawa hufa polepole, mmoja mmoja, kila wanapoamka wakaikuta dawa. Ukiacha katikati, wanaoamka ni wale waliokwisha kuizoea.

Mambo machache ya dozi hii hayaelezwi vya kutosha. Mkojo na hata machozi hugeuka rangi ya machungwa kwa sababu ya rifampisini. Si damu, usiogope. Rifampisini hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo mwanamke anahitaji njia nyingine kipindi hicho, na anayetumia dolutegraviri kwa VVU huongezewa dozi. Macho yakififia au rangi zikianza kuchanganyika, sema mara moja, ni ethambutoli. Ganzi miguuni huletwa na isoniazidi na huzuiwa kwa vitamini B6. Macho yakiwa ya manjano, rudi kituoni siku hiyohiyo.

TB sugu nayo imebadilika. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha mkoani Kilimanjaro, ilianza 1926 na ndiko matibabu ya TB sugu yalikoanzia nchini mwaka 2009. Wagonjwa wa miaka ile walikaa kwenye dawa hadi miezi 20 au zaidi, wakichomwa sindano zilizowaachia wengine uziwi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mseto wa dawa nne za vidonge, bedakwilini ikiwa mojawapo, kwa miezi sita, bila sindano. Anayekataa kupimwa leo kwa kuogopa sindano za jirani yake wa zamani anaogopa kitu kilichokwisha kuondolewa.

"Puliza, mama"

Kipimo kilichomjibu mama mdogo hakitumii damu, makohozi wala picha. Kinaitwa spirometa. Alikaa kwenye kiti, pua ikabanwa kwa kibanio, akashika mdomoni kipande cha bomba la karatasi ngumu. Kijana aliyempima alimwambia, "Vuta pumzi, mama. Vuta, vuta, jaza. Sasa puliza! Puliza kwa nguvu, usiache, bado, bado." Mwanamke aliyepuliza moto wa kuni maisha yake yote alipuliza hadi mishipa ya shingo ikasimama.

"Baba, pumzi imeisha," akamwambia yule kijana.

"Haijaisha, mama. Imekwama. Puliza."

Neno hilo limebaki kichwani mwangu kwa kuwa ndilo ugonjwa wenyewe. Mtu mwenye njia nzima hutoa kama asilimia 70 au zaidi ya hewa yake ndani ya sekunde ya kwanza. Mama mdogo alitoa asilimia 51, iliyobaki ikawa inachuruzika kama maji ya bomba lenye kutu. Akavutishwa salbutamoli, dawa ya kutanua njia za hewa, akangojeshwa robo saa, akapuliza tena. Ikawa 52.

Robo saa hiyo ndiyo inayotenganisha magonjwa mawili yanayofanana. Katika pumu, njia zimebanwa na misuli na uvimbe, dawa ikifika zinafunguka na namba inapanda wazi. Katika ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, unaoletwa na moshi wa miaka mingi na pengine makovu ya TB, njia zenyewe zimechakaa, kuta za vifuko zimelika, na dawa husaidia kidogo tu. Mama mdogo alikuwa na vyote viwili, moshi na makovu.

Kwanza niseme kuhusu pumu, maana hapo ndipo watu wanapokufa bila sababu. Pumu ni uvimbe unaoendelea ndani ya njia hata siku ambayo hukohoi. Ile pampu ya bluu, salbutamoli, hutanua njia kwa saa chache na kukupa nafuu, lakini uvimbe hauguswi. Kinachotuliza uvimbe ni steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni au budesonidi, inayotumika kila siku. Tangu 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu haipendekezi tena mtu mzima au kijana atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Bado naona watu wanamaliza pampu ya bluu kila mwezi na hawajawahi kuandikiwa nyingine. Na ile hofu kwamba pampu inazoesha mwili, au kwamba ukianza umefika mwisho, imewaweka watoto wengi kwenye vidonge na sindano za usiku wa manane. Dozi ya kuvuta ni ndogo mno, inafika palepale panapoumwa.

Shida nyingine ni namna ya kuvuta. Dawa nyingi huishia kooni. Tikisa pampu, toa pumzi yote nje, weka mdomoni, bonyeza mara moja huku ukianza kuvuta polepole na kwa kina, shikilia kwa hesabu ya kumi. Ukimaliza ya steroidi, sukutua na uteme. Mtoto hawezi kupatanisha mkono na pumzi, anahitaji chupa ya kati, yaani inayokaa kati ya pampu na mdomo. Isipopatikana, chupa ya plastiki ya soda ya nusu lita inafanya kazi hiyo: toboa kitako kwa waya wa moto kwa kipimo cha mdomo wa pampu, ichomeke humo, mtoto aweke mdomo wake kwenye mdomo wa chupa, bonyeza mara moja avute pumzi kadhaa. Watafiti wa Cape Town walichapisha mwaka 1999 kwamba chupa hiyo inawasaidia watoto sawa na ya kununua.

Ugonjwa wa mama mdogo hauponi, na nilimshukuru daktari aliyemwambia hivyo bila kuzungusha. Lakini unatulizwa. La kwanza lilikuwa kutoka kwenye moshi. Tanuri amemwachia binti yake, nalo limehamishiwa nje lenye bomba refu la kutolea moshi, kwa sababu hakuna maana ya kuurithisha ugonjwa. Pili, pampu inayotanua njia kwa saa nyingi. Tatu mazoezi, jambo lililomshangaza, maana alidhani mwenye pumzi fupi anatakiwa kulala. Misuli ya miguu iliyofundishwa hutumia hewa kidogo. Akaonyeshwa pia kutoa pumzi kwa midomo iliyofinywa kama anayepoza chai, ili njia zisijifunge kabla hewa haijatoka. Siku makohozi yakizidi na kubadilika rangi huku pumzi ikifupika kuliko kawaida, anajua ni siku ya kwenda kituoni, ambako atapewa steroidi ya vidonge kwa siku chache, na antibiotiki ikibidi.

Sasa hivi hupanda kutoka mwaloni hadi nyumbani kwa kusimama mara moja, pale kwenye mti wa mkuyu, midomo imefinywa. Kwenye mkoba wake ana bahasha ya kaki iliyokunjika pembe. Ndani mna picha tatu za kifua, kila moja na tarehe yake, kadi za TB, na karatasi ya spirometa. Mwezi uliopita alipata homa, akaenda kituo kingine, mganga mgeni akatazama picha mpya na kuinua kalamu. Mama mdogo akafungua bahasha, akazipanga zile picha mezani kuanzia ya kwanza, akamwambia, "Mwanangu, hebu zitazame zote pamoja."